Siku Zimekwisha, Maziwa Bado Nayakataa

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijavunjika mkono wa pili, maana huu wa kulia uko kwenye plasta na barua hii naiandika kwa wa kushoto, nivumilie mwandiko. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi jirani na Kabanga, mume wangu anaitwa Kwizera, na kwetu mwanamke aliye kwenye siku zake hanywi maziwa, ng'ombe wasije wakakauka, desturi hiyo nimeishika tangu usichana, ila siku zangu zilikoma mwaka juzi na sijamwambia mtu, kwa sababu Kwizera bado anataka mtoto wa kiume, na niliwahi kumsikia kilabuni akiwaambia wenzake kwamba ng'ombe akiacha kuzaa mwenye zizi huongeza mwingine, wakacheka, mimi sikucheka. Basi mama mkwe wangu, Agripina, akinipa maziwa nakataa ili waone mambo bado yanaendelea, na kwa kuwa hesabu ya uongo wangu imenipotea, siku hizi nakataa mwezi mzima. Juzi akaniuliza, "Mkamwana, bado tu?" Nikamjibu, "Bado, mama." Akasema, "Siku zako sasa zimezidi za kalenda ya parokia."

Huku joto linanipanda kifuani hadi masikioni katikati ya misa, kiuno kimenenepa na chakula ni kilekile, halafu mwezi uliopita nikateleza mlangoni na ndoo tupu, mkono ukakatika kama bua la mtama. Daktari akasema mifupa imepungua nguvu, ninywe maziwa. Nikaona aibu kumweleza kwa nini siyanywi. Nikaenda gulioni kwa Pancras, muuza unga wa soya, akaniapia kwamba soya ina homoni za kike, inaunga mifupa na kurudisha damu. Naukoroga kwenye maji ya moto kila asubuhi na nilichopata mpaka sasa ni gesi tumboni. Je, niongeze kipimo, au nimwambie Kwizera ukweli aongeze hilo zizi lake?

Mama K., Ngara

JIBU

Marahaba, Mama K., na pole kwa mkono. Usiongeze kipimo.

Pancras amekuambia nusu ya kweli kwa bei ya kweli nzima. Soya ina isoflavoni, kemikali za mmea zinazofanana kidogo na homoni ya kike. Mwili huzipokea kama mgeni anayefanana na mwenye nyumba: anapewa kiti, hapewi funguo. Baadhi ya wanawake hupata nafuu ya joto, tena taratibu, baada ya wiki nyingi. Kwenye mifupa, tafiti nyingine zinaona inachelewesha kidogo kudhoofika, nyingine hazioni kitu. Kiuno nacho usitegemee unga ukipunguze. Na hedhi hairudishi. Ukiona damu baada ya mwaka mzima wa ukimya, usipige vigelegele, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Soya ni chakula kizuri, basi ile kama chakula. Punje zikaangwe kabla ya kusagwa, na uji uchemke kwelikweli. Hilo la kukoroga ni kulitesa tumbo bure. Mwambie daktari kwamba unaitumia, hasa kama unameza dawa za tezi ya shingo au umewahi kupata uvimbe wa titi. Kula dagaa na mifupa yake, mboga za majani, tembea, ota jua. Na maziwa, mama!

Umewaheshimu ng'ombe hata pale wasipokudai heshima hiyo, na mifupa yako ndiyo imelipa. Unadhani Agripina haelewi? Mwanamke mwenye umri wake alishapita njia hiyo, na maneno ya kalenda husemwa na mtu aliyekwisha kujua. Mwambie yeye kwanza, mkiwa wawili. Kuhusu Kwizera, mwanamume aliyeamua kuoa hangoji ruhusa ya kibuyu cha maziwa, na anayepiga porojo kilabuni mara nyingi hata mbuzi wa mahari hana. Akiwa na nia kweli, heri uijue ukiwa na mifupa mizima.

Kwenu mambo haya hayatangazwi kwa hotuba, hivyo usiitishe kikao; Kwizera ataelewa mwenyewe akiona huyakatai tena maziwa siku yoyote ya mwezi. Jumapili hii, Kwizera akiwa ameketi, mama mkwe akikunyooshea maziwa, yapokee. Kunywa mpaka mwisho, usimwangalie mtu. Kisha umrudishie chombo na umwombe akuongezee.