Kadi za Mwandiko Wangu

Tarehe 3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Kidoti sasa hivi ameng'ata kona ya kadi ya mteja, akaitafuna, kisha akanirudishia iliyobaki akisema, "Mama, haina sukari." Ndiyo nimekaa kukuandikia kabla hajaimaliza ofisi nzima. Hujambo lakini? Macho yako na hizo cheche za kuchomelea yanaendeleaje? Najua kambini simu mnanyang'anywa getini, basi barua hii nampa dereva wa lori la gesi. Sisi wazima, ila mdomo wangu umepasuka.

Kazi yangu unaijua. Mteja anapanda ngazi, namvalisha ile miwani mikubwa, anatembea kwenye viwanja ambavyo duniani havipo. Akipenda kimoja ananunua, kisha analipia ada kila mwaka. Mashine ya kuchapa ilipokufa, Bosi aliniambia, "Andika tu kwa mkono, mwandiko wako unapendeza." Nikaandika kadi mia moja na kumi na mbili: *Ada ya kiwanja hiki haitapanda.* Ya kwako ndiyo ya kwanza, ya kile kiwanja tulichojenga jiko la marehemu mama, na kigoda chake cha mguu mfupi.

Jana ada ilipandishwa, sasa ni mara nne ya ile ya mwanzo. Hakuna aliyeambiwa mapema. Asiyelipa hadi mwisho wa mwezi, kiwanja chake kinafutwa.

Mchinjaji wa pale kona alikuja wa kwanza. Mkewe hatembei tangu ile ajali, lakini kule kwenye miwani anatembea, ana bustani yake. Aliingia na aproni ya damu, akaweka kadi mezani. "Huu mwandiko wa nani?" Nikasema wangu. Alinizaba kofi nikaanguka na kiti. Kisha akamwona Kidoti chini ya meza, akageuka, akakishika kile kiti na kuvunja kompyuta zote sita, moja baada ya nyingine. Mlinzi alimpiga rungu la mgongo mpaka akatapika.

Bosi alitoka chumbani kwake akiwa ameshika kikombe. Akawaambia wateja, "Kadi hizo ofisi haizitambui. Mwandiko ni wa huyu binti, muulizeni yeye." Wote wakanigeukia, Kaka, kadi mikononi.

Lakini yatakaa sawa. Watu wakitulia watasikilizana.

Mdogo wako,
Mama Kidoti

*

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Nimeipata barua. Macho yanaona, mwili una nguvu, na huo ndio ubaya wake.

Nikuambie kitu. Mimi ile miwani sikuiamini, na Bosi wako sikumwamini hata siku moja. Nilinunua kwa sababu kadi ilikuwa na mwandiko ule ule uliokuwa ukimwandikia mama orodha ya vitu vya dukani. Ningepewa karatasi iliyochapwa, ningeifungia misumari.

Kila Jumapili naenda mji wa huku karibu kulipia saa moja ya miwani, nikakae jikoni kwa mama. Sasa mtu anataka kulifuta.

Miaka miwili niliyokaa gerezani kwa kumvunja taya yule mpangaji wetu haikunipunguza hasira, ilinifundisha tu kungoja. Nimengoja vya kutosha. Nakuja na nyundo ya kazini, ile ya kilo nne. Naanza na Bosi. Mchinjaji mwambie auage mkono wake wa kulia.

Mbusu mpwa wangu. Asile kadi.

Kaka yako

*

Tarehe 12 Machi

Kaka,

Usicheke herufi hizi, ni za mkono wa kushoto. U mzima? Kidoti mzima, anakula, ila akisikia mlango unafungwa anajificha.

Jumanne Bosi aliniletea karatasi nisaini kwamba kadi niliziandika kwa akili yangu mwenyewe, yeye hakujua. Nilikataa. Nilimwambia, "Mkono ni wangu, maneno ni yako." Akacheka kidogo. Akaushika mkono wangu wa kulia, akauingiza kwenye droo ya chuma, akaipiga teke ikajifunga. Akarudia, akarudia tena. Kidoti alikuwa chini ya meza, nikamsikia anahesabu. Unajua anajua mpaka tatu tu. Alifika tatu.

Vidole vitatu vimevunjika.

Mchinjaji alikuwa kwenye ngazi, amekuja kugombana tena. Alimshika Bosi nywele, akampigiza uso kwenye meza mpaka jino likaruka hadi kwenye kalamu zangu. Hakuwa akiacha, Kaka. Mlinzi mwenyewe alikimbia. Nikashika aproni yake kwa mkono mzima nikamwambia, "Baba, mkeo yuko peke yake nyumbani." Akasimama kama mtu aliyeamshwa. Alirarua aproni akanifunga vidole. Akauliza, "Na lile kofi langu?" Nikamwambia hilo lina siku yake. Akaitikia kwa kichwa, kama mteja aliyepewa namba ya foleni.

Sasa nisikilize. Tarehe 20 tunasikilizwa, mimi na wateja, kwenye ofisi ya malalamiko ya wateja. Vijana wa Bosi wanapita nyumba kwa nyumba kunyang'anya kadi. Mshona viatu amechanwa paji la uso kwa chupa, na kadi wameichoma mbele ya wanawe. Lakini hata zilizobaki ni mwandiko wangu mtupu. Ya kwako tu ndiyo yenye muhuri na saini ya Bosi, alipokuwa ananionyesha namna ya kuandika. Baadaye akasema muhuri umepotea, nami mjinga nikaona mwandiko wangu unatosha.

Ukija na nyundo, utakamatwa kwenye geti la ofisi hiyo na kadi ikiwa mfukoni mwako. Utarudi ndani, jiko la mama litafutwa, na mimi ndiye nitakayebaki mwongo wa watu mia moja na kumi na mbili. Nakuomba, leta kadi. Nyundo iache.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Machi

Kaka,

Hukujibu. Dereva wa lori anasema umeondoka kambini siku tatu zilizopita, na sanduku lako la vifaa limekutwa wazi. Sijui barua hii itakukuta wapi, naandika tu ili mkono wa kushoto uwe na kazi. Popote ulipo, uwe mzima.

Tuko kwenye benchi la ukumbini. Wamefika thelathini na wanne, wengine na bandeji. Mke wa Mchinjaji amebebwa mgongoni. Bosi amekaa mkabala nasi, mdomo umeshonwa, na walinzi wanne. Mwanamke mmoja amenitemea mate begani alipokuwa akipita, kisha akakaa pembeni yangu kwa kuwa nafasi ilikuwa hapo tu. Kidoti amemfuta mdomo kwa kitambaa chake. Nina imani bado, sijui naitoa wapi.

Kuna kelele getini. Nimesikia mtu akiangushwa chini.

Mchinjaji ananiita toka mlangoni. "Mama Kidoti, njoo upesi. Kuna mtu wa ovaroli, vijana wa Bosi wamempiga, wamempekua, hana chuma chochote. Kadi hawakuiona, ilikuwa ndani ya soksi. Anasema haitoi mpaka amwone mwenye mwandiko." Kidoti ameshatoka mbio na kiatu kimoja. Kaka, nakuja, na ukiuona mkono wangu usikasirike, toa kadi tu.