Kipande Kilicholala Jikoni

Jumatatu, 7 Julai
Ukungu tangu asubuhi, Karatu yote imejifunika. Nimemaliza kubandika mbavu za bawa la kushoto. Bawa jembamba, la pembetatu, mfano wa lile linalotakiwa kwa ndege za abiria zenye kasi kuliko sauti. Kindege chetu ni cha polepole, cha mtu mmoja. Kazi yake kuonyesha bawa hilo litatuaje. Kipande cha kupimia gundi, vibao viwili nilivyobandika kwa gundi ileile, nimekuja nacho nyumbani kikauke. Bandani baridi mno.

Jumanne, 8 Julai
Nimekivunja kipande mbele ya mhandisi wetu. Mbao ikachanika, gundi haikuachia. Akasaini kwamba bawa liko tayari kuruka. Nikachekelea.

Jumatano, 9 Julai
Asubuhi mke wangu kaniuliza kile kibao cha juzi kando ya mafiga kilikuwa cha nini. Nikaweka kikombe chini. Kipande kililala jikoni kwenye joto. Bawa lililala bandani kwenye ukungu. Nilichopima ni jiko la mke wangu.

Sikusema. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Upendo, rubani wetu, alikuwa keshavaa kofia. Akakikimbiza kindege, kikanyanyuka kimo cha mtu, kikatua.

Alhamisi, 10 Julai
Naogopa. Kesho anapanda juu kabisa, hadi Endabash na kurudi. Leo kaniletea ndizi za sokoni. "Baba Paskali, bawa lako limetulia." Bawa langu. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 11 Julai
Nimemwambia. Alikuwa keshafunga mkanda. Nikashika ncha ya bawa, nikasema yote, mpaka mafiga. Mhandisi akafoka. Upendo akashuka, akapasua kitambaa kwa kisu, akavuta ubavu mmoja kwa vidole viwili. Ukatoka. Gundi bado inanata.

Akauliza jambo moja tu. "Ulijua tangu lini?"

Nikajibu tangu Jumatano asubuhi. Akaenda kukaa kwenye nyasi, kanipa mgongo.

Jumatatu, 21 Julai
Mbavu zote upya. Mhandisi alitaka niondoke, Upendo akakataa. Sijui kwa nini. Safari hii kipande kililala bandani, ndani ya bawa lenyewe. Asubuhi tumekivunja, kikachanika vizuri.

Ameruka. Kageuka juu ya Endabash, karudi, katua taratibu. Hakunisalimu. Kaokota kipande kilichovunjika, kanipa.

"Mpelekee mama Paskali awashie moto."

Nimefika nyumbani. Bado kiko mfukoni.