Tepe za Kitambaa cha Ngoma

Jumatatu, 4 Machi 1974

Sindano zimechemka. Glavu zimepakwa poda na kukunjwa. King'ora cha kiwanda kimelia, na kandambili zimeshajipanga mlangoni. Ndivyo watu wa hapa Likasi wanavyofanya: mtu akichoka kusimama foleni, anaacha kiatu kimshikie nafasi, yeye anakwenda kukaa ukutani. Kuna asubuhi naona viatu vyenyewe ndivyo vinavyoumwa.

Foleni yetu ina sheria zake. Kwanza aliyetoka kiwandani na karatasi ya msimamizi wake. Kisha familia za wafanyakazi, kwa zamu ya kandambili. Mwenye jipu akiwahi, anayekata roho atamsubiri. Miaka kumi na moja mimi ni muuguzi katika chumba hiki cha dharura na sikuwahi kushangaa. Hilo ndilo linaloniudhi leo.

Daktari Mulenda ameshangaa kwa niaba yetu sote. Karudi kutoka masomoni Ulaya mwezi uliopita. Kijana, mikono mirefu, hajui kuketi. Anataka kila anayefika atazamwe kwanza: pumzi, mapigo ya moyo, presha, rangi ya kope. Kisha afungwe utepe mkononi. Mwekundu, atibiwe sasa hivi. Wa njano, asubiri kidogo. Wa kijani, anaweza kusubiri sana. Mwenye kutazama na kufunga ni mimi. Tena niandike katika daftari la saa: kafika saa ngapi, katibiwa saa ngapi. Baada ya miezi miwili tuone kama kuna tofauti. Yeye anaita utafiti. Mimi naita kazi juu ya kazi. Lakini nimefurahi, sitajidanganya.

Vitambaa nimetafuta mwenyewe. Nyekundu, pazia kuukuu. Njano, kikwembe changu cha zamani. Kijani kilikuwa kabatini, mabaki ya sare za kikundi chetu cha ngoma, wale wanaochezea Chama siku za sherehe. Kitambaa kizuri, hakichuji. Nimekata mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumatano, 6 Machi

Inafanya kazi.

Mzee mmoja wa pumu leo. Kandambili yake ilikuwa ya mwisho kabisa. Nikamfunga mwekundu, akapita, oksijeni, dawa ya mshipani. Wiki iliyopita angenifikia midomo imegeuka bluu. Saa sita alikuwa anadai kinywaji chake cha munkoyo, na kiwe baridi.

Baadaye nilisimama dirishani. Moshi wa kiwanda ulikuwa umelala juu ya vilima, mweupe, hauendi popote. Nikasahau nilichofuata pale. Niliota macho wazi: mji wote umefungwa tepe, watu wamelala, na mimi napita mtaa wa Kikula nyumba kwa nyumba bila kukanyaga chini. Najua nani aamshwe kwanza. Simkosei hata mmoja.

Kabeya, msaidizi wangu, aliniita mara tatu ndipo nikasikia.

Jumamosi, 9 Machi

Wenye tepe za kijani wamenichekesha. Wanatembea mkono juu. Seremala aliyechomwa na msumari amekataa nimfungue wake, kaenda nao nyumbani. Mama mmoja wa homa kanuna kwa sababu nimempa wa njano.

Nilicheka mpaka Daktari akatoka kuuliza kuna nini. Nikamwambia watu wetu wanapenda vitambaa vizuri. Akarudi ndani. Sikufikiri zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua kutwa. Wagonjwa wachache. Saa zote zimeandikwa vizuri.

Ndoto ya jana: tepe zimeanikwa kwenye kamba ya nguo, upepo unazipeperusha, zote zinageuka rangi moja. Mimi nakimbia chini yake nikiwa na mikono iliyojaa sabuni. Nimeamka na hasira. Sijui kwa nani.

Alhamisi, 14 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi alifika Feza. Msichana wa miaka ishirini na kitu, mumewe yuko mgodini Kambove. Kaletwa na mama mkwe wake, Mama Mwila, anayeuza samaki wakavu soko la Kikula. Tumbo linauma tangu alfajiri. Bega nalo linauma. Alizimia njiani. Nikageuza kope: nyeupe. Mapigo mbio na membamba. Presha chini. Hedhi imechelewa. Nikamfunga mwekundu, nikamkalisha benchi la mlangoni. Daktari alikuwa ndani anaunga mfupa wa mtu. Nikamwambia Kabeya: akimaliza tu, ingiza mwenye utepe mwekundu.

Hapo wakaletwa wawili wa kiwandani, wamemwagikiwa asidi. Nikakimbia nao bombani. Maji, maji, maji. Ukiwaacha kidogo ngozi inaondoka. Sikutazama nyuma.

Kabeya alifanya nilivyosema. Alitafuta utepe mwekundu, akamwingiza aliyeuvaa. Mwanamume mwenye kidole kilichokatwa na kisu.

Nilisikia Daktari anafoka. Nikaingia na mikono inachuruzika. Yule wa kidole anasema utepe ametoka kupewa na mama mmoja hapo nje. Nikatoka. Benchi tupu. Nikaangalia pande zote. Feza alikuwa ukutani, kule kwa wanaosubiri sana, kichwa kimeegemea bega la mama mkwe wake. Macho wazi, haoni. Mkononi utepe wa kijani, umefungwa vizuri, na kifundo cha ua.

Alikaa hapo karibu saa nzima. Imo katika daftari.

Daktari alimchoma tumboni sindano ya kupima, ikavuta damu nyeusi isiyoganda. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija wa uzazi, mrija umepasuka, anavujia ndani. Damu ya kumwongeza hatukuwa nayo, jokofu tupu. Akasema, basi tutamrudishia yake. Nilidhani anapayuka. Alipofungua tumbo akaichota kwa upawa uliochemshwa. Mimi nikashika shashi tabaka nane juu ya chupa, damu ikapita taratibu, ikarudi mshipani mwake. Nyekundu ikipenya katika nyeupe. Nilitaka ile chupa isijae kamwe, na nilitaka ijae upesi. Nikaomba kwa kila tabaka.

Tulipomaliza alikuwa anapumua. Zaidi ya hapo hatujui.

Nimechukua daftari la saa. Nimeweka kalamu juu ya ile saa ya kutibiwa. Nne inageuka tatu kwa urahisi. Hakuna ambaye angejua. Nimelifunga nikaliweka chini ya kitanda.

Ijumaa, 15 Machi

Yuko hai. Homa kali. Mkojo kidogo sana.

Mama Mwila alilala sakafuni mlangoni. Asubuhi alinishika sketi. Sitasahau maneno yake.

— Mama infirmière, njo minye nilibadilisha ile tepe. Ule muntu wa kidole alikuwa na ya vert, nikamupa samaki mbili. Ile kitambaa naijua, bale banachezeaka Chama banavaa ile ile. Nikasema bantu ba vert njo batapita mbele. Na ile rouge ni damu. Sikutaka bibi ya mutoto wangu avae damu.

Akaniuliza:

— Juu ya nini hamukutueleza?

Ni kweli. Sikumweleza mtu. Nilifunga tu, kimya, nikijiona mjuzi. Na kitambaa ni mimi niliyekichagua. Katika nchi hii nzima, mtu yeyote angejua rangi hiyo ni ya Chama, na wenye Chama hukaa mbele. Mimi mwenyewe nimecheza ngoma nikiwa nimeivaa.

Nimemwambia Daktari yote, hata habari ya kalamu. Nilidhani atanifukuza. Alikaa chini, mara ya kwanza nimwone amekaa. Akasema hata yeye hakuuliza. Akasema saa ile ibaki kama ilivyo.

Jumapili, 17 Machi

Misa. Kwaya ikaimba. Nilitazama mwanga wa dirishani ukitambaa kwenye magoti ya watu, kutoka huyu kwenda yule, na sikumsikia padri hata neno.

Nimekwenda wodini bila kubadilisha nguo ya kanisa. Homa imeshuka. Feza kanywa chai yenye sukari. Akaniuliza damu tuliyomwongeza ni ya nani. Nikamwambia ni yake mwenyewe. Akacheka, nyuzi zikamuuma, akashika tumbo huku anaendelea kucheka. Mimi nikatoka nje, nikalia nyuma ya jiko la hospitali mpaka mpishi akaniletea kiti.

Jumatatu, 18 Machi

Hakuna rangi tena. Shashi nyeupe na mafundo. Fundo moja, anasubiri. Mawili, kidogo. Matatu, anapita sasa hivi.

Safari hii tumeuliza kwanza. Daktari alitaka kubandika tangazo. Nikamwambia nusu yao hawasomi, na nusu nyingine wamechoka na matangazo. Tukamwita Mama Mwila, tukamwonyesha. Akageuza shashi huku na huku. Akasema mafundo ni mazuri, lakini semeni kwa mdomo, kila asubuhi, kabla hamjamfunga mtu. Na kandambili zenu zile mziondoe, maana zinadanganya.

Nimezikusanya mwenyewe. Zimelaaniwa, nami nimelaaniwa pamoja nazo. Kila mtu kadai yake.

Ijumaa, 22 Machi

Saa moja nasimama mbele ya benchi nasema. Najisikia mwalimu wa chekechea. Wengine wananitazama kama redio. Leo bwana mmoja mwenye karatasi ya msimamizi alitaka kupita mbele ya mtoto wa degedege. Nikamwonyesha mafundo yake: moja. Alinitukana kwa Kifaransa, kisha akakaa.

Nimeota tena kamba ya nguo. Shashi nyeupe tupu, na nilikuwa nahesabu kwa vidole, nimefumba macho.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua imepungua. Vilima ni vya kijani, moshi umesimama wima.

Feza katoka. Mumewe kaja kutoka Kambove kumchukua, ana vumbi la mgodi hadi kwenye nyusi, hajui aanzie wapi kushukuru. Aliwashika mkono wote, hata Kabeya, hata yule mpishi.

Mama Mwila hakuondoka nao. Siku hizi kabla ya soko anapitia kwetu, anatua beseni lake la samaki, anakaa benchini. Leo nilikuwa ndani nachemsha sindano, nikamsikia anamweleza mtu:

— Weye uko na fundo moja? Bon, furahi, unarudi nyumbani na miguu yako. Yule wa fundo tatu apite.

Hawakubishana. Nikasikia benchi linasogea, mtu anaingizwa.

Alipoondoka aliniachia kitu kwenye karatasi. Ule utepe wa kijani. Kaufua, kaupiga pasi. Bado unanuka samaki kidogo. Nimeuweka katika daftari la saa, ukurasa wa tarehe 14, juu ya ile saa ambayo sikuifuta.