Wazee Sita Wanangoja Kula

Jumatatu, 2 Agosti 1976. Walukuba, Jinja
Uso wa tatu bado unanikataa. Nimeupaka asubuhi, nimeufuta kwa tapentaini, nimeupaka tena. Mzee anatoka kama mtu mwenye jino bovu. Miaka kumi naandika vibao vya maduka, herufi zangu zimenyooka, halafu pua ya mtu inanishinda! Mwalimu Mafabi wa Mbale, aliyenipa picha hii ya kunakili, alisema: chora miraba, ipe namba, fuata mmoja mmoja, meza iache mwisho. Wazungu sita wa kale, kola nyeupe, kitabu mezani.
Jirani yangu Waiswa kachungulia dirishani. Hao wanafanya nini? Nilichoka kueleza. Nikamwambia wanangoja kula.

Jumanne, 3 Agosti
Waiswa kauliza tena. Ni watu wa wapi? Wataisha lini? Na ana viatu vipya. Mtu wa kiwandani, wakati huu ambao hata sabuni haipatikani, viatu kavitoa wapi? Mimi Mkenya, na mwaka huu Mkenya hapa ananyooshewa kidole. Simwamini. Bombani sikumsalimia.

Jumatano, 4 Agosti
Sajini kutoka kambi ya jeshi ya Kimaka kaja mchana. Kahesabu vichwa kwa fimbo.
"Wewe. Hii watu nangoja kura gani?"
Kura! Nani anataja kura nchi hii ya utawala wa jeshi? Nikasema, afande, hao ni Wazungu waliokufa zamani. Akauliza namba za kwenye miraba ni za nini, na kitabu kina majina ya nani. Ijumaa niipeleke picha kambini, pamoja na maelezo.
Ni Waiswa. Nyoka yule.

Alhamisi, 5 Agosti. Nkoma, Mbale
Nimekimbia na basi la kwanza, picha nimeifunga kwenye shuka. Nia yangu kuvuka mpaka. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, akauliza nilimwambia Waiswa neno gani hasa.
Nikamtajia.
"Waiswa ni Msoga," akasema. "Sasa litamke kwa mdomo wake."
Nikalitamka. Kula. Kura.
Mungu wangu. Hakunichoma kwa askari. Lazima alikuwa akinisifu tu bombani, kwamba wazee wangu wanangoja kula, na r yake pale penye l.
Mchana kaja dereva wa lori kutoka Walukuba. Waiswa amechukuliwa na wanajeshi tangu jana jioni. Wanamtaka aseme hiyo kura kaisikia kwa nani. Nami nipo hapa, mpaka hauko mbali, na nauli ninayo. Naona aibu kuandika kwamba niliifikiria.
Mwalimu kanipa brashi. Kitabu kilikuwa mistari ya mkaa tu. Juu yake nimepaka sahani ya matoke na samaki mzima. Samaki katoka vizuri kuliko nyuso zote.

Ijumaa, 6 Agosti. Jinja
Nikaifungua shuka kwenye geti la kambi. Rangi mbichi. Sajini akatia kidole kwenye samaki, akakinusa. Nikamweleza l na r za Wasoga. Kisha akacheka, akawaita wenzake, akawatamkisha mmoja mmoja: kula, kura. Picha wameichukua, itundikwe ukutani wanakokula. Alama ya kidole imebaki kwenye samaki.
Waiswa wakamtoa alasiri. Hana viatu.

Jumapili, 15 Agosti
Nimeanza nakala nyingine. Uso wa tatu unakubali kidogo.
Leo nilipika matoke nikamwita Waiswa. Kaja peku, anachechemea. Nikamwambia yote, hata lile la nyoka. Akasema viatu vilikuwa vya kaka yake, marehemu.
Akaitazama picha mpya. Akawanyooshea kidole wale wazee, kisha akauonyesha mdomo wake, akiuliza. Nikaitikia, ndiyo, wanangoja. Akavuta sahani.
Neno lenyewe hakulisema.