Mwenyekiti wa Matanga

Kongo, Kawangware
Jumatano jioni

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wote wa hapo nyumbani Mwingi. Mguu unaendeleaje? Na ndengu zimetoa maua, ama jua limezimaliza? Sisi huku tunapumua, na kwa leo siwezi kusema zaidi ya hapo. Ndanu ni mzima. Anamuuliza baba yake kila anapoamka.

Sikupiga simu kwa sababu ningelia kabla sijasema neno. Barua hii ataileta binamu yangu Kasee, anayesafiri kesho. Kanini, wifi yangu, wewe unayemsomea Mama, mpe kiti kwanza. Mama, mwanao, mume wangu, alikamatwa na polisi Ijumaa. Hajaiba wala hajapiga mtu. Alikamatwa akiwa anaomba.

Unamkumbuka Baba Akinyi, yule Mjaluo aliyekuja na mwanao Krismasi, akala muthokoi sahani mbili na akaitisha ya kubeba? Walikuwa wakitengeneza sofa pamoja. Amefariki kwa homa ya mapafu, Mungu amlaze pema. Mkewe anaishi Kianda, huko Kibera. Nawe unajua matanga ya Nairobi yalivyo: kabla ya mwili kusafirishwa, watu hukutana kwa marehemu kila jioni, wakaomba, wakachanga, wakachagua kamati. Ndugu za marehemu walibishana nani awe mwenyekiti mpaka wakaona afadhali Mkamba. Baba Ndanu naye, si unamjua? Hata watu watatu wakitaka kununua mbuzi, lazima yeye awe mwenyekiti. Alikubali kabla hawajamaliza kumuuliza.

Tangu vijana waandamane, chifu wa upande ule alikuwa ametangaza kwamba hakuna watu kukusanyika nyumbani bila ruhusa yake, hata kwa maombi. Tulisikia. Baba Ndanu akasema kumwomba Mungu hakuhitaji ruhusa ya ofisi, nasi sote tukasema amina. Ni rahisi kusema amina mkiwa wengi.

Basi Ijumaa, tukiwa tumefunga macho, askari wakaingia. Mmoja akauliza, "Chairman wa hii mkutano ni nani?" Mama, mwanao alisimama akafunga vifungo vya koti. Alidhani wamekuja kutoa pole. Akasema, "Ni mimi, afande. Karibuni. Wapeni viti." Wakamtia pingu papo hapo. Eti alikuwa akipanga maandamano, eti mkutano wenye mwenyekiti na katibu hauwezi kuwa wa maombi. Ni wapi katika Kenya hii watu huzika bila kamati?

Jumatatu ilipofika hawakumpeleka kortini kama katiba inavyosema. Badala yake mzee wa mtaa akaniletea ujumbe kutoka kwa chifu. "Mama Ndanu, si ngumu. Kesho kuna baraza. Asimame tu mbele ya watu aseme alikosea, na kuanzia sasa akitaka kuombea watu ataitisha ruhusa. Halafu anaenda home."

Mama, nilifurahi. Nilijiambia ni maneno tu, Mungu anajua moyo. Nikapika chapati nikaondoka kwenda kumsihi.

Njiani nilipitia kwa Mama Akinyi. Nilimkuta peke yake. Viti vya plastiki vimepangwa kimoja juu ya kingine, hakuna aliyevikalia tangu Ijumaa. Majirani wanamsalimia kutoka nje na kupita. Pasta alimwambia anangojea ruhusa ndipo aje amwombee. Mwili bado uko mochari. Aliniangalia akaniuliza, "Sasa hata kulia nitaitisha ruhusa?" Nikamwachia chapati mbili.

Kituoni nilimpata mwanao uso umevimba upande mmoja. Analala kwenye simiti, na kifua chake kile unachokijua kinalia mpaka unakisikia ukiwa mlangoni. Dawa yake ya kuvuta walikuwa wamekataa kuipokea. Nikamweleza ujumbe wa chifu. Akasema, "Hawa watu mimi nawaheshimu. Waniambie nizibue mtaro, nitazibua. Serikali ishike wezi, itengeneze barabara. Lakini nikipiga magoti, hapo imeingia mahali si kwake." Akavuta pumzi kwa shida. "Lakini nimechoka, Mama Ndanu. Wewe ukisema niseme, nitasema."

Nilikuwa nimeenda kumwambia aseme. Nilifungua mdomo, nikamkumbuka yule mjane na viti vyake. Nikamwambia, "Usiseme." Alicheka kidogo, akaanza kukohoa. Askari aliyekuwa karibu akasema muda umeisha.

Baraza lilifanywa jana bila yeye. Leo asubuhi nimepeleka chai na ile dawa, nikaambiwa hawana mtu wa jina hilo. Nikasema, juzi na jana mlipokea chakula chake kutoka kwa mikono yangu. Wakaniambia nisisumbue. Nimezunguka vituo vyote ninavyovijua, nimeenda hospitali, nimeenda hata mochari, Mama, nikapita karibu na alipolazwa Baba Akinyi. Kote hayuko.

Kila Jumapili tunawaombea wenye mamlaka, na tukimaliza tunasema amina. Sasa nikijaribu kuomba maneno hayatoki. Simwachi Mungu, lakini nimemkasirikia, na nimemwambia hivyo.

Nisalimie sana Baba. Mwambie asiuze ng'ombe, kwa sababu hakuna hata anayekubali kwamba anaye mwanao, sasa tutamlipa nani? Nisalimie shangazi ya mwanao, yule aliyemfundisha kuomba akiwa mdogo, na umwambie mafundisho yalishika. Wewe Kanini nakusalimu pia. Ukifika hapa usilie mbele ya Mama.

Mama, nilitaka ulisikie hili kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine. Yeye angesema yale maneno na leo angekuwa hapa akila na mtoto wake. Ni mimi niliyemkataza. Ukitaka kunilaumu, nitakaa chini nikusikilize mpaka umalize. Lakini njoo kwanza. Mimi wananiona ni mke tu anayepiga kelele. Wewe ukikaa pale mlangoni mwao na kusema ndiwe uliyemzaa, labda atakuwepo mmoja atakayeona haya, aseme walimpeleka wapi.

Ni mimi mkaza mwanao,
Mwende