Tango Wakati wa Matoleo

Précieuse ma chère, usiambie watu wenu wa Columbus. Leo nimeweka tango kanisani. TANGO, ile muziki ya dansi ya wapenzi! Kwa matoleo!

Bon, sikiliza. Mupiga kinanda alikuwa kazini ku warehouse, nikabaki miye na laptop. Nikatafuta muziki ya bila maneno. Nilijiambia, kama haina maneno, zambi itapitia wapi?

Violon ikaanza kulia pole pole, vizuri kabisa. Watu wakafunga macho. Nikafikiri Roho ameshuka Buffalo.

Halafu akordeoni ikaingia. Tak! Tak! Tak! Sawa mutu mwenye anatoka nyumbani na hasira, na viatu ya talons, visigino virefu. Kisha inasimama kidogo, unaona sasa itaomba pardon… Haiombe! Inarudilia na kiburi yake yote.

Na nani walikuwa wanapeleka matoleo? Mama Chimène na Mama Mizero! Wale wenye hawasalimiane tangu mambo ya uniforme ya chorale, kwaya yetu. Kila mumoja ku mustari yake, shingo juu, wanakanyaga sawa vile akordeoni inasema. Muziki ikasimama. Nao wakasimama, uso kwa uso, mbele ya kitunga ya matoleo. Nikaona sasa wataombana pardon…

TAK-TAK. Ikaisha.

Pasta ananiuliza: "Emérence, hii wimbo ni ya kitabu gani?" Nikafunga laptop mbio.

Donc, wamama wamepatana. Ndiyo, wamepatana! Saa hii wako ku parking, wameshikana mikono, wanaomba pasta anifukuze ku muziki.