Nilichomfanyia Athumani Kwenye Arobaini Yako

Mtani wangu Mhina,

Shikamoo sikupi. Hukuwahi kuipata kwangu ulipokuwa hai, na kufa hakujakupandisha cheo. Tangu lini Mnyamwezi akamwamkia Mzigua? Lakini nimekukumbuka mpaka kifua kinauma, na nina habari ambayo ningekuletea mbio kutoka Kabuku kama ungekuwa bado umekaa barazani na gitaa lako.

Nianze na siku tuliyokuzika, maana hasira yangu ilianzia hapo.

Athumani alikuja. Ndiyo, huyo huyo wa bendi yenu ya kwenye shamba la mkonge. Alikuja na gari jeupe, kanzu imenyooka pasi, na watu wa redio nyuma yake. Makaburini sisi wanawake hatuendi, naye alilijua hilo, akangoja mfike huko ndipo afungue mdomo. Akasema yeye ndiye aliyekufundisha gitaa. Akasema "Nisubiri Segera" aliutunga yeye, kwa ajili ya msichana mmoja wa Ilala, na wewe ulikuwa kijana msikivu, unayepiga unachoambiwa. Msikivu! Wewe uliyemfukuza mpiga ngoma jukwaani kwa kuchelewesha mdundo!

Mama Zaina alimsikia jioni redioni, akiwa ndani ya eda yake. Aliizima redio, akaigeuza ikatazama ukuta. Mhina, mkeo ndiye msichana wa wimbo ule. Ndiye aliyekuwa akitoka Mashewa akashuka Segera kukungoja, na wewe umebanwa na zamu kwenye korona, ile mashine ya shambani inayokata majani ya mkonge na kukumwagia maji yake mpaka unanuka. "Nisubiri Segera, basi la kwanza likipita usipande." Mtu wa Ilala anajua nini kuhusu basi la kwanza la Segera?

Niliposikia, nililia kwa hasira, si kwa msiba. Msiba ulisogea pembeni kidogo, unisamehe.

Sisi tulikuwepo. Sisi tuliokuwa tukijazana kwenye klabu ya shamba kila Jumamosi, wavulana na suruali zao za bugaluu zinafagia vumbi, sisi na raizoni, vile viatu vya soli nene, za kuazimana. Tulikusikia ukiuimba wimbo ule kabla haujawa na jina. Magazeti ya mjini yalipousifu mdundo wake, yakasema umetoka kwenye santuri za roki za Ulaya, tulicheka. Uliutoa kwenye korona. Ulikuwa ukiugonga kwa vidole juu ya meza yangu ya mihogo huku unakula bila kulipa.

Kisha bendi ikaitwa mjini kurekodi, na wewe ukalazwa na malaria. Athumani akaimba. Redio ikatangaza jina lake, na hakuona sababu ya kuwasahihisha. Akabaki mjini akawa mtu mkubwa, wewe ukarudi kwenye mashine. Nilipokuambia nenda ukamkabe koo, ulisema, "Mwache, Kabula, ana sauti nzuri." Nilikuchukia wiki nzima kwa maneno hayo. Bado yananiudhi.

Basi nikangoja arobaini. Wanao walimwalika tena, maana ni mtu mkubwa, na watu wakubwa hualikwa hata wakitukosea. Mimi sikuhitaji mwaliko. Asubuhi hiyo nilimfuata Mama Zaina chumbani nikamwomba nguo zako za jukwaani. Akafungua sanduku mwenyewe. Akanitolea bugaluu ya kahawia, shati la maua lenye kola kama masikio ya mbuzi, na ile kofia. Suruali haikufunga kiunoni. Tukaifunga kwa kamba ya katani, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akicheka tangu uondoke.

Dua ikaisha, pilau ikaliwa. Athumani akasimama chini ya turubai, akapewa maiki. Alikuwa amefika kwenye msichana wa Ilala nilipotokea nyuma ya nyumba, gitaa lako begani, nikitembea ule mwendo wako wa kuvuta mguu wa kushoto. Watu walishtuka, halafu turubai zima likapasuka kwa kicheko. Zaina alicheka huku machozi yanamtoka. Nikaenda mpaka mbele ya Athumani, nikasema kwa ile sauti yako ya puani, "Athumani, ndugu yangu! Nimesikia umeniletea wimbo wangu. Uko wapi?"

Yeye ni Mzigua kama wewe. Mimi ni mtani wake kama nilivyo wako. Msibani mtani hajibiwi kwa hasira, na kila mzee aliyekaa pale anajua hivyo. Ilimbidi acheke. Alicheka vibaya, meno tu.

Viatu alikuwa amevivua pembeni ya mkeka, vyeusi, vya kung'aa. Nikavichukua nikavitia kwapani. Alijua desturi, akaingiza mkono mfukoni atoe cha kuvikomboa. Nikamwambia, "Marehemu anakula wapi noti? Taja mtunzi." Akasema tusiharibu shughuli ya watu. Mzee mmoja wa Kizigua, mjomba wako, akamwambia kwa upole kabisa, "Mpe mtani haki yake, bwana, tuendelee."

Akasogeza maiki mdomoni. Akasema, "Aliutunga Mhina." Akasema kama mtu anayetema mbegu. Nikaweka mkono sikioni nikamwambia maiti wana masikio mazito, arudie. Akarudia. Nikamuuliza, na msichana ni wa wapi? Alitafuta macho ya kumwokoa, hakuyapata. Akasema, "Wa Mashewa."

Dirishani pazia lilitikisika. Nilimwona mkeo.

Hapo ndipo wale wa zamani walipoanza kuimba, Mhina. Sikuwaambia. Wazee wenye magongo, kina mama tulioazimana raizoni, walipiga makofi ule mdundo wa korona, na vijana wakashika simu zao wakirekodi. Simu hizo zimefika mbali. Juzi kijana wa redio, yule yule aliyeandamana na Athumani makaburini, aliupiga wimbo akataja jina lako kama mtunzi. Mama Zaina ameigeuza redio, sasa inatazama chumba.

Athumani aliondoka bila viatu. Alipita kwenye kokoto, akikanyaga kwa vidole, mpaka kwenye gari lake jeupe. Najua wewe ungemkimbilia umrudishie. Mimi nilikaa chini nikala pilau ya pili, na sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Sasa nasikia anawaambia watu kwamba ule ulikuwa utani tu, kwamba alisema vile kunifurahisha mimi kikongwe. Haya. Amezeeka, anakohoa, sukari inamsumbua. Nami nina miguu mizima na nauli haijawahi kunishinda.

Lala, mtani wangu. Lala na jina lako. Nakuahidi hili moja: Athumani akinitangulia, nitapanda basi mpaka kwenye msiba wake. Nitaomba ile kanzu yake nyeupe niivae. Nitamwigiza sauti, mbele ya wanawe na wajukuu zake na watu wa redio, na nitasema kwa kinywa chake yote ambayo yeye aliyasema kwa kulazimishwa. Siku hiyo hatakuwa na nafasi ya kusema kwamba ulikuwa utani.

Mtani wako asiyesamehe,
Kabula wa Kabuku